Lulu Iliyotobolewa

Kompyuta ya mtumba huwa imeshazunguka kabla ya kufika Shela. Huenda ilianza kazi katika ofisi ya Ulaya, ikapitia Dubai, ikashushwa Mombasa, ikapanda basi hadi gati ya Mokowe na boti hadi Lamu, kisha ikamalizia kilomita tatu za ufuoni. Nyingine haikusafiri hivyo. Ilitoka mtaa wa pili, katika mojawapo ya nyumba za mawe ambazo wageni wamekuwa wakizinunua Shela kwa miongo kadhaa: tajiri aliiacha, mlinzi akapewa, naye akaiuza. Kijana aliyeinunua anaiwasha, na kioo kinamtolea jina la mtu asiyemjua na kisanduku kinachodai neno la siri.

Swali la kwanza ni la fundi: itafunguliwaje? La pili halimhusu fundi: je, inajuzu? Shela ni mahali ambapo swali hilo la pili lina pa kwenda. Msikiti wake wa Ijumaa, ule wenye mnara mrefu uliochongoka, umesimama tangu 1829, na mjini Lamu, mwendo usiozidi saa moja kwa miguu, uko Msikiti wa Riyadha wa mwanazuoni Habib Swaleh, ambao darasa zake za dini zina umri wa zaidi ya karne moja. Vitabu vya fiqhi ya Shafii viliandikwa kabla ya umeme, lakini habari ya chombo kilichouzwa na kitu kilichofichika ndani yake si ngeni kwavyo.

Iko hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Mtu alinunua shamba, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamrudia muuzaji achukue dhahabu yake, kwa hoja kwamba yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji naye akakataa: aliuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi, naye alipojua kwamba mmoja ana mvulana na mwingine ana binti, akaamua watoto waozwe, dhahabu itumike kwao na nyingine itolewe sadaka. Wahubiri hupenda kusifu uadilifu wa wanaume wale. Kwa mwenye laptopu iliyofungwa, kinachofaa zaidi ni shaka yao: wote wawili waliona kwamba bei iliyolipwa haikutosha kuamua nani ana haki ya kilichofichika.

Dhahabu, hata hivyo, haina jina la mtu. Mafakihi walikwenda mbele zaidi walipojadili samaki, na mvuvi wa Shela hahitaji kufafanuliwa mfano huo. Aliyenunua samaki akakuta lulu tumboni mwake, aitazame kwanza. Lulu nzima ni riziki iliyotoka baharini, na mjadala ni kama ni ya mvuvi au ya mnunuzi. Lulu iliyotobolewa ni jambo jingine. Tundu lile ni alama kwamba mkono wa binadamu ulishaipitia, kwa hiyo ina mwenyewe, na kumnunua samaki hakutoshi kuihalalisha.

Faili alizoziacha mtu kwenye diski zote zimetobolewa. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya kukagua diski 158 za mtumba walizozinunua. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilizosafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za benki, habari za matibabu na barua za mapenzi. Si kwamba wote waliouza walizembea. Kwenye diski za aina hiyo, kufuta faili kwa njia ya kawaida huondoa anwani yake tu. Yaliyoandikwa hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake.

Neno la siri basi linalinda nini hasa? Hapa nyumba ya mawe ya Lamu inaeleza vizuri kuliko kitabu cha kompyuta. Mgeni hukaa kwanza kwenye daka, nje ya mlango. Akikaribishwa hupita tekani, ukumbi wa nyuma ya mlango, kisha kiwandani, yaani uani, kisha kwenye misana, vile vyumba virefu, na chumba cha ndani hakifikiwi na asiye wa nyumba. Mashine nayo ina ngazi zake. Paswadi ya akaunti ya Windows, bila kinga nyingine, ni ya mlangoni tu: fundi anaweza kuichomoa diski akaisoma kwenye mashine nyingine. Paswadi ya BIOS, ile programu ya msingi inayoamsha mashine, inakaa kwenye ubao wenyewe. Kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani iliondoka kwa kutoa ile betri bapa ya CR2032, lakini laptopu nyingi huitunza katika chipu isiyosahau. Usimbaji wa BitLocker ndio chumba cha ndani. Asiye na neno la siri wala ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 hasomi kitu, hata akiihamisha diski.

Ngazi hizo zina adabu yake katika Kurani: Surat An-Nur, aya ya 27 hadi 29, inakataza kuingia nyumba za watu bila idhini na salamu. Asipopatikana mtu, anayebisha asiingie. Kisha inaondoa lawama kwa nyumba zisizokaliwa ambazo mtu ana manufaa yake humo. Hadithi ya Sahl bin Saad inataja sababu ya katazo: mtu alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume, naye akaambiwa kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Sahaba Abu Musa al-Ash'ari naye alibisha mara tatu kwa Khalifa Umar, hakuitikiwa, akaenda zake, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofunzwa. Ni sadfa tu kwamba laptopu nyingi hujifunga mtu akikosea paswadi ya BIOS mara tatu.

Je, kompyuta iliyouzwa ni nyumba ya watu au nyumba isiyokaliwa? Mwenye kutetea ufunguzi atasema mwenyewe amehama kwa hiari yake na funguo hakuziacha. Kwa mashine, hoja hiyo ina nguvu. Kwa yaliyomo inapwaya, kwani kuhama si kuwaruhusu waliobaki wasome barua zilizosahauliwa. Tena, ikiwa idhini iliwekwa kwa ajili ya jicho, kinachohitaji idhini ni kutazama. Hapo haki mbili zinaachana njia: mnunuzi ana haki ya kuitumia mashine, maana ameilipia, haki ya kutazama hakuna aliyemuuzia.

Kwa hiyo njia mbili ambazo fundi huziona kuwa ni kitu kimoja si kitu kimoja. Anaweza kuchomeka flashi, akaipindua paswadi na kuingia kwenye akaunti ile ile. Anaweza pia, kwa flashi hiyo hiyo, kufuta diski nzima na kupanda Windows upya. Ya kwanza inamwingiza mnunuzi katika maisha ya mtu. Ya pili inampa alichonunua. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na msimamo huu. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamwekea anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwenye risiti ataitetea mashine yake bila taabu. Kutetea kusoma barua za mwenzake ni kazi nyingine.

Lakini kufuta nako kuna mzigo wake. Labda picha zile ndizo pekee zilizobaki za marehemu mama yake mtu, na anayefuta mbio mbio ili asichungulie anaangamiza kisicho chake. Hukumu ya kitu kilichookotwa inasaidia hapa. Katika hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani, Mtume aliagiza mwokotaji akijue chombo na kamba iliyokifunga, kisha atangaze mwaka mmoja. Chombo na kamba vyote viko nje. Laptopu nayo ina alama zake za nje: jina kwenye kioo, namba iliyoandikwa chini ya mashine, kibandiko cha kampuni. Shela ni ndogo, na mlinzi anajua tajiri wake yuko nchi gani na namba yake ni ipi. Akijibu kwamba hana haja nayo, idhini imepatikana; akitaka picha zake, diski itolewe atunziwe. Mafakihi hawakudai mwaka mzima kwa kila kitu, na kitu hafifu walikipunguzia muda. Picha za familia ni hafifu sokoni, wala si hafifu kwa mwenyewe, na wanazuoni wa leo hawana budi kulipima hilo. Anayeona haya ni mazito ajiulize simu yake ya zamani iko mikononi mwa nani, mwosha huoshwa.

Mashine mpya zimelisogeza swali nyuma, hadi siku ya mauzo. Tangu 2013 kwa simu za iPhone, na tangu 2019 kwa kompyuta za Mac zenye chipu ya T2, Apple imeweka kufuli linalobaki hata diski ikifutwa yote. Huondolewa na mwenye akaunti, au na kampuni ikionyeshwa uthibitisho wa ununuzi wa awali. Kwa fiqhi, muuzaji aliyelificha kufuli hilo ameficha aibu ya bidhaa, na mnunuzi ana hiari ya kuirudisha na kudai pesa zake. Mtume alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta umajimaji chini, alimtaka muuzaji auweke juu watu wauone. Kwa kijana wa Shela hiyo ni kazi ya kufanywa kabla ya kulipa: mashine iwashwe pale pale, muuzaji aingie kwa neno lake la siri, achukue vyake, aiondoe kwenye akaunti yake. Asiyeweza kufanya hivyo aulizwe aliipata wapi.