Mikono Iliyotutangulia

Chuma kizima hulia. Ukikigonga kwa nyundo ndogo sauti yake hupanda, hukaa hewani kidogo, kisha huondoka bila haraka. Chuma kilicholiwa na kutu hakilii. Hutoa mguno mfupi tu, na mara nyingine vumbi jekundu humwagika kutoka mahali usipopaona. Chesisi ya Land Rover ya zamani ni mabati manene yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani, na uwazi huo ndio maradhi yake. Maji hupenya, tope hutulia, kutu huanza kazi yake gizani miaka na miaka, huku kwa nje rangi ingali inang'aa. Macho hayasaidii. Hupitiwa kipande kwa kipande, kugonga na kusikiliza, kugonga na kusikiliza.

Kusikiliza ni kazi niliyopewa mimi. Mume wangu alifanya kazi muda mrefu kwenye mashine za kukoboa kahawa, na sauti nyembamba hazimfikii tena. Basi yeye hulala chini ya gari akigonga, nami huchuchumaa pembeni nimefumba macho, nikimwambia: zima, zima, bovu, rudia hapo. Palipo kimya huweka alama ya chaki. Zipo jioni tulizomaliza hivyo bila kusemezana neno jingine, na nikaingia jikoni nikijihisi nimetoka ibadani.

Gari lenyewe ni Series IIA, lile refu la inchi 109, la katikati ya miaka ya sitini. Taa zake mbili za mbele zimekaa karibu karibu, ndani ya wavu wa redieta, kwa hiyo lina uso wa mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Magari yaliyofuata, kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo, taa zilihamishiwa kwenye madigadi, na mimi naona yalipoteza kitu. Mita za dashibodi zimepangwa katikati, si mbele ya dereva, kana kwamba aliyeziweka alitaka abiria naye ajue mwendo na ajue mafuta yamebaki kiasi gani. Tulilikuta nyuma ya ghala la mtu, kuku wakitagia ndani yake, na mwenyewe alishangaa kusikia kwamba tunalitaka lote, si injini peke yake.

Sasa liko uani kwetu, mteremkoni mwa Kilimanjaro, chini ya paa la mabati tuliloliezeka kwa ajili yake, baina ya migomba na mfongo. Mfongo huo unaleta maji kutoka mtoni juu, unakata kona ya kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, unashuka kwa jirani. Hakuna aliye hai aliyeuchimba. Wazee waliupima mteremko wake kwa jicho, wakaung'ang'aniza kando ya kilima mpaka maji yakakubali, na leo naosha kwa maji hayo mikono yenye grisi. Usiku mashine zote zikinyamaza, mfongo ndio unaosikika. Mchana nao upo, ila mtu hana habari nao.

Husimuliwa kwamba Land Rover ilianzia mchangani. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa ufuoni Red Wharf Bay, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, pamoja na ndugu yake Spencer. Shambani kwake alikuwa akitumia Jeep kuukuu iliyobaki vitani, na alitaka kutengeneza kitu cha aina ile kitakachowafaa wakulima. Akainama akachora umbo lake kwenye mchanga. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Aprili 1948, gari lilioneshwa Amsterdam. Mimi hufikiria zaidi ule mchoro. Ulikaa pale muda gani kabla maji hayajajaa? Alifikiri mashine hiyo itawavusha miaka michache ya shida tu, mpaka mambo yatengemae, na yale yaliyotokana nayo yakaendelea kuundwa hadi Januari 2016. Bahari ikafuta mistari, na kitu chenyewe kikaja kusimama hapa, mbali namna hii, chini ya migomba.

Hata mwili wake ulizaliwa na upungufu. Baada ya vita chuma cha pua Uingereza kiligawiwa kwa kipimo, lakini alumini ilikuwepo kwa sababu viwanda vilikuwa vimetoka kuunda ndege. Ndiyo maana boneti, madigadi na milango ni ya alumini hadi leo, myepesi, isiyoshika ule wekundu wa kutu. Lakini alumini nayo ina udhaifu wake. Ikikaa imegusana na chuma mahali penye unyevu huliwa polepole, ikabaki unga mweupe unaofutika kwa kidole. Ikiwa peke yake ingedumu. Dawa ni kuweka kitu kati yao, kipande cha mpira au rangi nzito, zipate kushikana bila kulana. Mume wangu alinieleza hayo akiwa ameshika mlango na mimi nimeshika bawaba. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Tulikutana tukiwa tumeshavuka umri wa kuimbiwa. Yeye alikuwa mgane, nami mjane. Huniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, nami humwita kwa jina la mwanawe, na watoto hao wawili hawakulala tumbo moja. Ndivyo ilivyo katika desturi zetu, na kwa watu wa rika letu haina ajabu yoyote. Lakini siku nyingine, nikimwita aje kunywa chai, nasikia ndani ya jina hilo nyumba nzima iliyokuwepo kabla sijafika.

Tulipolipiga gari msasa, rangi zilijitokeza moja baada ya nyingine. Juu ilikuwa nyeupe ya juzi juzi, iliyopakwa kwa brashi bila hata kuondoa vumbi. Chini yake kijivu. Chini ya kijivu kulikuwa na nyeupe nyingine, ngumu na ya heshima, na juu ya hiyo, mlangoni upande wa kushoto, herufi zilizoandikwa kwa mkono. Nyingi zimefutika. Zilizobaki hazitoshi kuwa jina. Labda hospitali, labda misheni, labda chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Aliyeziandika alikuwa na mkono mzuri, na alipinda kidogo kila mkia wa herufi, jambo ambalo hakulipwa kwalo. Chini kabisa, ikishikamana na alumini, ndiyo kijani cha kwanza, iliyokoza. Nilisimama na kipande cha msasa nisijue niishie wapi. Kila rangi ilikuwa ndiyo rangi ya gari hili kwa watu fulani, waliolisubiri barabarani wakalitambua kwa hiyo.

Chini ya kiti cha katikati tulikuta mahindi makavu, kipini cha nywele, na sumni. Ni ile sumni ya zamani yenye sungura upande mmoja na Mwalimu upande wa pili, ya mwaka 1966. Mtu aliiangusha, akainama kuitafuta, pengine akalaumu mtoto. Siku hizo ilikuwa na kazi ya kununua. Tuliifuta kwa kitambaa, tukaitazama zamu kwa zamu, halafu mume wangu akairudisha palepale chini ya kiti. Sikumuuliza kwa nini. Mahindi tuliwapa kuku.

Lakini kilichonishika zaidi ya vyote ni kiraka. Karibu na gurudumu la nyuma la kulia, mahali chesisi hizi huoza kwanza, fundi fulani alichomelea kipande cha chuma alichokikata kwa tindo kutoka kwenye kitu kingine kabisa. Bado kina matundu mawili ya bolti ambayo hapa hayana kazi. Mistari ya kuchomelea imepandana, imesimama, imeanza tena, kwa namna inayokufanya uone alivyolala ubavu, pengine umeme ukikatika, pengine usiku. Si kazi ya kupeleka kwenye maonesho. Nilichukua nyundo mwenyewe nikakigonga.

Kililia, tena kuliko chuma cha kiwandani kilichokizunguka.

Fundi wetu wa kuchomelea, kijana anayekuja na mashine yake akiwa ameifunga nyuma ya pikipiki, alitaka kukikata aweke kipya, ili pawe pazuri. Mume wangu akamwambia akiache. Kijana akatutazama, akatikisa kichwa, akakiacha.

Mume wangu hukunja taulo mara tatu, kamwe si mara mbili. Hagusi chakula mpaka aliyepika ameketi. Mtu akimkasirisha, hutoka akaenda kutazama mfongo, na akirudi ndipo huongea. Hayo nimeyakuta tayari. Sijui aliyajifunza lini, ila najua kwa nani. Kaburi la marehemu mkewe liko ng'ambo ya mfongo, ndani ya kihamba, mahali ambapo migomba ni mizito zaidi, na nikienda kukata majani hupita pale. Siku za mwanzo nilikuwa napita upesi. Sasa husimama. Hatukuwahi kuonana, na sina hakika mtu husemaje katika hali hiyo, kwa hiyo huondoa majani makavu yaliyoangukia saruji nikaendelea na safari yangu. Mume wangu naye ana ya kwake aliyoyakuta kwangu. Hajaniambia ni yapi.

Injini ni ya petroli, silinda nne, lita mbili na robo. Tuliifungua juu ya meza ya zamani ya jikoni, na mimi nikapewa vali zote nane kuzisugua. Unapaka mchanga laini wa kusagia mahali vali inapokalia, unaichomeka, unashika kijiti chenye mpira wa kunyonya, halafu unapekecha kati ya viganja viwili, huku na huku, mpaka mkwaruzo uwe laini na mviringo wa kijivu utokee umezunguka wote, usiokatika. Huwezi kuharakisha. Mkwaruzo hubadilika wenyewe, na unapobadilika hujui ni dakika ipi uliyokuwa bado na ipi uliyokuwa tayari.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi inavyopumua. Kila silinda ina hatua nne: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Huwaka kwa zamu, ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili, halafu ya kwanza tena. Katika hatua hizo nne, pistoni husukuma kwa moja tu. Tatu zilizobaki hubebwa. Hubebwa na mwenzake ambaye ndiye anayewaka wakati huo, hubebwa na uzito wa flaiwili unaoendelea kuzunguka kwa mwendo uliopatikana kabla. Tangu utoto nimesikia injini zikipanda mlima huu, malori ya ndizi, mabasi ya alfajiri, na siku zote nilisikia nguvu tupu. Nilikaa na vali mkononi, mafuta yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko, nikihesabu watu.

Siku lilipowaka sitaieleza sana. Liliwaka, likazima, likawaka. Kuku walikimbia. Moshi wa bluu ulijaa migombani, jirani akaja kuuliza kama kuna moto.

Kinachobaki kujifunza ni kuliendesha. Gia ya kwanza na ya pili hazina msaada wowote ndani ya giaboksi, kwa hiyo ukitaka kurudi chini kwenye mteremko unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unaongeza mafuta kidogo, unakanyaga tena, na baina ya hapo kuna kitambo kifupi ambacho meno ya gia yanazunguka kwa mwendo mmoja. Ukikipata, gia huingia yenyewe. Ukikikosa, mtaa mzima unajua. Hakuna mita ya kitambo hicho.

Desemba watoto walipanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kama Wachagga wote, na magari yao mapya yakalazimika kulala barabarani kwa kuwa uani pamejaa. Wanawe na wangu walijibana ndani ya Land Rover kwenda kanisani, watatu mbele, waliobaki nyuma wakikaliana magoti, wakigombania nani yuko karibu na mlango usiofunga vizuri. Mwanawe wa kwanza aliomba usukani wakati wa kurudi. Mtaa mzima ulijua.

Rangi bado hatujakubaliana. Yeye anataka kijani ile ya kwanza. Mimi sitaki kuzifunika zile herufi, ingawa siwezi kuzisoma. Binti yangu amependekeza kijivu, na hakuna aliyemjibu. Kwa hiyo mlango wa kushoto una rangi nne kwa wakati mmoja, na watu wakituuliza tutamaliza lini tunawaambia baada ya masika, kwa sababu kwanza inabidi mvua inyeshe tujue paa linavuja wapi.