Ilikuwa Inawaka

Oktoba 2019 tulihama Njombe kwenda Makambako. Ni kilometa kama 60 tu, lakini kwa mtu aliyekulia Njombe ni kama kuhamia nchi nyingine. Njombe kuna ukungu, miti ya mbao na watu wanaovaa makoti mwezi wa sita kana kwamba wamezaliwa nayo. Makambako kuna upepo, malori na kelele, kwa sababu ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Mama alihamishwa kikazi. Mimi nilikuwa na wiki mbili kabla ya kwenda kuanza chuo.

Tulipakia vitu kwenye Fuso: vitanda, kabati, majiko, na magunia mawili ya viazi ambayo Mama alikataa kuyaacha kwa maelezo kwamba hawezi kutoka Njombe halafu akanunue viazi Makambako. Kitu kimoja hakikupanda Fuso, nacho ni PlayStation 3 yangu. Nilikuwa nimeiuza siku nne kabla, kwa shilingi 230,000.

Miezi miwili kabla ya hapo ilikuwa imekufa. Waliowahi kumiliki mashine ile wanaijua taa yenyewe: inawaka ya njano mara moja, kisha nyekundu inaanza kuwakawaka, basi. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akaipasha bodi yake kwa hewa ya moto, ikawaka. Nikafurahi. Yeye hakufurahi. Alisema, "Dogo, hii haijapona, imeamka tu. Inaweza kukaa wiki, inaweza kukaa miezi mitatu. Ikifa tena usiniletee."

Aliyeinunua alikuwa mwenzangu wa sekondari, nyuma yangu darasa moja. Alitaka kufungua kibanda cha gemu karibu na kwao, watoto wa mtaani walipe 500 kwa mechi. Fedha alipewa na mama yake, ambaye anauza viazi. Alikuja nyumbani jioni, tukacheza mechi mbili, nikamfunga zote. Kisha akauliza, "Haina tatizo lakini?"

Nikamjibu, "Si unaona inavyowaka?"

Jibu hilo nimeishi nalo miaka mingi sasa. Halina neno hata moja la uongo. Ilikuwa inawaka, na yeye alikuwa anaona. Ningepelekwa mahakamani ningelirudia bila kutetemeka, na sheria ingenisikiliza vizuri tu, maana Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kwa Waingereza, humbana zaidi yule ambaye kuuza bidhaa hiyo ndiyo biashara yake. Mtu anayemuuzia jirani kitu chake kilichotumika, jirani akikikagua na kuridhika, yuko salama kuliko mwenye duka. Nilikuwa salama kabisa. Zile 230,000 zikaingia kwenye gharama za chuo: usajili, godoro na nauli ya Dar.

Wiki ya saba tangu nifike chuoni alinipigia. Nilijua kabla sijapokea. Lakini hakunipigia kulalamika. Alisema umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa nguvu, na yeye alikuwa amesahau kuchomoa waya. Asubuhi taa ikawaka njano, kisha nyekundu. Akasema, "Nisamehe kaka, nimeiua PS yako." Yangu! Alikuwa ameilipia yote na bado ananiomba msamaha.

Nikasema, "Pole sana."

Hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu nadhani kosa langu kubwa liko hapa kuliko kwenye mauzo. Lugha yetu imetenganisha mambo mawili ambayo Kiingereza huyafunga kwenye neno moja. Pole tunampa mtu aliyefikwa na jambo. Anayejikwaa mbele yangu nampa pole ingawa sikuliweka mimi lile jiwe. Samahani ni ya aliyeliweka jiwe. Mtoto wa miaka minne anajua tofauti hiyo: akimsukuma mwenzake halafu akasema pole, mama yake atamrudisha, "Sema samahani." Siku ile nilichagua neno la mpita njia. Na kwa kulichagua, nilimwambia mwenzangu jambo moja la uongo kabisa, yaani kwamba mimi sihusiki. Jioni ya kuuza sikuwa nimedanganya kwa maneno. Kwenye simu nilidanganya kwa neno la upole kuliko yote tuliyo nayo.

Baada ya hapo niliendelea na maisha. Nilimaliza shahada ya kwanza 2022, nikafanya kazi kidogo, nikarudi kusoma uzamili. Kwenye somo la maadili tukapewa kitabu ambacho Cicero alimwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, wakati mwanawe huyo akiwa masomoni Athens. Kwenye sehemu ya tatu kuna mtu anauza nyumba. Nyumba ina nyoka vyumbani na mbao zimeoza, na anayejua ni mwenye nyumba peke yake. Je, aseme? Cicero anawagombanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli anaona muuzaji aseme yale tu ambayo sheria inamtaka aseme. Mengine ni juu ya mnunuzi, aliyekuja na macho yake. Mwanafunzi wake, Antipater, anasema kumwacha mtu aingie kwenye hasara ambayo wewe unaiona na yeye haoni ni zaidi ya kumnyima njia aliyepotea. Cicero mwenyewe anasimama na Antipater, na anaongeza tofauti niliyoipigia mstari mara mbili: kukaa kimya si lazima kuwe kuficha, ila kimya chako kinageuka kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua.

Darasani nilimtetea Diogenes, na kwa nguvu. Nilisema soko lote la viazi Njombe lingefungwa kama kila muuzaji angetaja kiazi kilichooza katikati ya gunia. Nikataja lumbesa, nikataja nyanya nzuri zinazopangwa juu ya ndoo. Watu walicheka, mwalimu akasema hoja ina uzito. Bado nadhani ina uzito kiasi. Mnunuzi wa viazi anajua kwamba mchezo uko hivyo, anapekua, anabishana bei. Lakini mwenzangu hakuwa sokoni. Alikuwa sebuleni kwetu, amekunywa chai ya Mama, na alikuwa ameniuliza.

Desemba iliyopita nilikutana naye Makambako, stendi. Anauza chaja na kava za simu, ana mtoto mmoja. Tukasalimiana kamwene, tukaenda kula chipsi. Nikamwambia yote: fundi, hewa ya moto, "imeamka tu". Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nimejiandaa pia, niseme ukweli, kwa yeye kucheka na kusema yameisha.

Aliuliza jambo moja. "Siku ile naulizia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akala kimya kwa muda. Kisha akasema aliitengeneza mara mbili, mara zote ikafa, mwishowe akamuuzia fundi kwa shilingi 40,000, na alimweleza kwamba ni mbovu. Hakulisema hilo kunichoma, alikuwa anapiga hesabu tu. Nikamwambia nitamrudishia fedha kidogo kidogo. Akatikisa kichwa.

"Fedha ilikuwa ya mama. Na mama hakuniambia kitu kuhusu fedha. Alisema tu mimi ni mzembe, sichomoi waya. Mpaka leo nikilala kwake anakuja kukagua soketi. Nenda ukamwambie yeye."

Nilikuwa nimepiga hesabu ya shilingi miaka yote ile. Sikuwahi kuiweka hiyo kwenye hesabu, kwamba jina lake nyumbani kwao ndilo lililolipa deni langu, na kwamba jina halirudishwi kwa M-Pesa.

Jumamosi tukapanda Coaster kwenda Njombe pamoja. Njiani hatukuongea sana. Yeye alilala, mimi nikaangalia mashamba ya miti. Mama yake alikuwa uani anachambua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule. Nikamwamkia, nikapewa kigoda, nikaeleza. Nilianza na umeme, nikaona nazunguka, nikarudi mwanzo: niliuza kitu kibovu nikijua, na mwanao hakukiua.

Hakuacha kuchambua. Alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi.

"Na ile fedha uliifanyia nini?"

"Nilianzia chuo, mama."

"Ukamaliza?"

"Nilimaliza. Sasa nasoma tena."

"Mh." Akavuta gunia jingine, akalimwaga katikati yetu watatu. "Haya, vyenye macho weka huku. Na wewe," akamwambia mwanawe, "kamletee mwenzako koti, anatetemeka."