Mjenzi wa Madaraja Aliyezikwa Ifunda



Kila mwaka ifikapo tarehe 29 Juni, sisi watu wa Iringa yatupasa kumkumbuka Mhandisi Patrick Mfugale, aliyefariki siku hiyo mjini Dodoma mwaka 2021, akaletwa kuzikwa kwao Ifunda, kwenye njia iendayo Mbeya. Alikuwa mkuu wa Wakala wa Barabara, TANROADS, tangu 2011. Wengi walimjua kwa ajili ya barabara ya juu iliyoko Tazara, Dar es Salaam, ambayo Rais Magufuli aliifungua tarehe 27 Septemba 2018, akaiita kwa jina la mhandisi huyu naye angali hai. Ni heshima kubwa, maana desturi yetu ni kungoja mtu afe ndipo tumsifu.

Lakini mimi nikimfikiri, moyo wangu hauendi Tazara, bali waenda mtoni.

Wenye jamaa zao Ifakara na Mahenge wanakumbuka jinsi mto Kilombero ulivyokuwa. Msafiri alifika ukingoni akangoja kivuko, na mvua zilipozidi alingoja sana. Mwezi wa Januari 2016 kivuko kilizama pamoja na watu waliokuwamo. Leo pana daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa 2018. Hilo ni mojawapo ya madaraja ambayo Mfugale alishughulika nayo, pamoja na lile la Rufiji lenye mita 970, la mwaka 2003, na lile la Umoja juu ya Ruvuma, la mwaka 2010, lituunganishalo na Msumbiji. Mama mwenye mtoto mgonjwa avuka usiku asimwamshe mtu, wala hajui ni nani aliyeyapima maji yale.

Na kupima maji si kazi ya mezani. Mjenzi wa daraja hushinda porini. Huzitazama alama za mafuriko katika mashina ya miti, huwauliza wazee wakaao ukingoni, mwaka ule wa mvua nyingi mto ulifika wapi? Tena huchimba kupita mchanga na matope mpaka apate mahali pagumu. Katika mfano wa ile nyumba juu ya mwamba, Mathayo ataja nyumba na mwamba tu. Luka ndiye ataja na kuchimba. Namshukuru Luka kwa hilo. Mwamba haukuwa wazi mbele ya macho. Mtu yule alitoka jasho kwanza.

Basi, apendaye mito na mbingu iliyo wazi huiona kazi hii kuwa tamu. Huamka kabla ya jua, huyaona matendo ya Mungu ambayo sisi wa mjini twayasikia tu. Lakini nyumbani kiti chake ni kitupu. Mkewe awaambia watoto, baba yuko kambini. Na mwaka wa pili awaambia vivyo hivyo. Nimesimama katika mazishi mengi ya watu wa kazi za mbali, nikaona salamu za wakubwa zikisomwa kwanza, tena kwa urefu, na neno la watoto likisomwa mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuyaelekea magari. Hilo silipendi. Daraja walilopita wageni maelfu lilijengwa pia kwa jioni za watoto wale, wala hakuna kibao kiwatajacho.

Nawe baba uliye kazini barabarani, usiseme kwamba fedha uliyotuma yatosha. Mtoto hakuulizi mita ngapi. Ataka kujua habari za mto, za nyani, za nyota ulizoziona. Mchukue siku moja akaone.

Siku ya tarehe 29 tukiomba, tuwataje kwanza jamaa za marehemu, kisha nyumba zile za hapa Kihesa ambazo taa bado yawaka kwa kumngoja mtu aliye safarini.