Ziwa la Mama: Kazi ya Nani?

Katika mji wetu wa Likasi kuko ubishi mmoja unaoanza na vicheko na kuishia na maneno makali. Ni ubishi juu ya kulisha mtoto mchanga. Sokoni, ku maternite, mbele ya bomba la maji, utasikia: "Bamama ba kabila ile banapatiaka mwana uji mbiyo-mbiyo!" Na mwingine anajibu: "Na benyewe banaachishaka ziwa mbele mwana hajatembea!" Kila mmoja anahesabu makosa ya kabila la jirani, na kila mmoja anasema kwao ndiko kuko desturi ya kweli.

Tuulize basi maswali mawili. Je, tofauti hizi zinatoka kwa kabila? Na mtoto akidhoofika, ni haki kumpa mama lawama yote?

Tuanze na desturi yenyewe. Kwa makabila mengi ya Katanga, na ya Kongo nzima, mama alinyonyesha miaka miwili, hata mitatu. Muda ule wote mume na mke walijizuia. Wazee walisema mimba ikija mapema, maziwa yanaharibika na mwana anagonjwa. Wazo hili si la kwetu tu: pwani ya Tanzania wanaita kosa hilo kumbemenda mtoto. Watu wa Ga, kule Ghana, waliita kwashiorkor ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuwa mwingine anakuja. Jina hilo munganga Cicely Williams alilipeleka katika vitabu vya dunia kwa makala yake ya mwaka 1935.

Tuangalie vizuri: desturi ile haikuwa ya mama peke yake. Baba alikuwa na mwiko wake. Kambo alikuwa na kazi yake ya kubeba mwana na kupikia mzazi. Jamaa walimchunga yule baba aliyetaka kuvunja mwiko. Mama alitoa maziwa, lakini watu wengi walishika ule mti asianguke.

Kisha likaja kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao, lakini kutoka miaka ya 1920 ilianza kutaka wafanyakazi wakae na wake zao ndani ya kambi, na watoto wazaliwe humo humo. Waganga wake, kati yao Léopold Mottoulle, walifuatia sana hesabu za kuzaliwa na za vifo vya watoto. Kambini mama alipata poso, mtoto alipimwa uzito, alipewa maziwa na uji. Watoto wengi waliponea pale, tusikatae. Lakini kulikuwa pia na hesabu nyingine: miaka mitatu ya kunyonyesha ilionekana ni mirefu, kwa kuwa ilipunguza mimba. Kampuni ilitaka wafanyakazi wa kesho. Hivi mama wa Musanga, wa Muluba, wa Mubemba, wote waliingia katika mezani moja na saa moja. Kama kuko "kabila" lililobadilisha ziwa katika Jadotville, ambayo ndiyo Likasi tangu 1966, basi ni kabila la kambi.

Na leo? Gécamines ilianguka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wake waliachishwa kazi kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Poso iliisha. Mama aliyekuwa anakaa nyumbani alitoka kutafuta: huyu anauza makala Kikula, huyu anauza bunga njiani, huyu anaosha mawe ya migodi mtoni. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka nane. Saa sita mwana analia, dada anampatia nini? Mayi na uji. Mke wa mwenye mshahara mzuri naye anarudi ofisini, na mtoto wake anapewa maziwa ya kopo kutoka dukani. Hawa mama wawili wanaweza kuwa wa tumbo moja, wa kijiji kimoja. Kinachowatenga ni kazi na feza.

Likasi isichezee maneno ya kabila. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala kwenye gare wakingojea treni, na wengi walikufa pale, hata watoto wa kunyonya. Mazoea ya kueleza kila taabu kwa jina la kabila yanaanza na vitu vidogo kama uji.

Kuko atakayesema: basi unataka turudi zamani? Hapana. Desturi ya zamani ilikuwa na bei yake. Mara nyingi mume alijizuia kwa sababu alikuwa na mke mwingine, hilo hatulitamani. Na mambo mengine yalikuwa makosa tu. Kumwaga maziwa ya kwanza ya manjano ni kumnyima mwana kinga yake. Kusema "joto ni mingi, mwana iko na kiu" pia si kweli, hata mu mwezi wa kumi: maziwa ya mama ni maji kwa sehemu karibu 87 kwa mia. Ndiyo maana tangu 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri ziwa peke yake miezi sita, kisha ziwa pamoja na chakula mpaka miaka miwili ao zaidi. Ile miaka miwili bakambo waliijua.

Lakini ushauri si msaada. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mama majuma 14 ya kupumuzika, na baada ya kuzaa ni majuma manane tu; kisha vipumziko viwili vya nusu saa kwa siku. Miezi sita na majuma manane havilingani. Na yule wa makala hana hata hayo manane. Uchunguzi wa afya wa nchi ulionyesha watoto walionyonya ziwa peke yake chini ya miezi sita ni 36 kwa mia mwaka 2007, na 48 kwa mia mwaka 2013-2014. Bamama wanasikia na wanageuka. Wanaobaki nyuma mara nyingi hawakukosa akili. Walikosa mtu wa kuwasaidia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtoto ana haki ya ziwa, lakini haki ile haimdai mama peke yake. Inamdai baba alete chakula na aheshimu muda wa kupumzika. Inamdai mwenye kazi atoe nafasi, na jirani mwenye kibanda kivulini amkaribishe mama anyonyeshe. Tulichukua kutoka mila mzigo wa mama, tukaacha mizigo ya wengine wote njiani. Mwenye kutaka kutetea mila, aanze kwa kuokota ule wa kwake.