Nyumba Ikinadiwa, Haki ya Mpangaji Huenda Wapi?

Ndugu yetu mmoja wa pwani, aliyehamia Migwani kwa ajili ya kazi, ametuletea suala ambalo twaona si lake peke yake. Migwani ni mji mdogo wa soko ulio katika njia itokayo Kitui kwenda Mwingi. Huko alikodi vyumba viwili, akatoa kodi ya miezi sita mbele kama alivyotakiwa. Mwezi wa pili haujesha, akakuta karatasi ya dalali imebandikwa ukutani: nyumba ile ni rehani ya benki, mwenyewe ameshindwa kulipa, nayo itanadiwa. Mwenye nyumba hapokei simu. Ndugu yetu auliza: nyumba ikiuzwa, je, na haki yangu imeuzwa pamoja nayo?

Wengi wetu tukisikia habari kama hii hukimbilia kusema: hayo ndiyo matunda ya riba. Riba ni haramu, wala hatuna shaka juu ya hilo. Lakini mpangaji huyu hakukopa wala hakula riba. Yeye alinunua manufaa ya nyumba kwa mali yake ya halali. Kumjibu kwa hotuba ya riba ni kumwacha nje na vyombo vyake, kisha tukajiona tumetimiza wajibu.

Kwanza na tutazame sheria ya nchi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yamlazimu mwenye kushika rehani ampe mdaiwa ilani ya muda usiopungua miezi 3 ili alipe. Asipolipa, hutolewa ilani ya pili, ya kuuza, na lazima zipite siku 40 kabla ya mauzo. Nakala ya ilani hii ya pili apewe mpangaji pia, na nyengine ibandikwe mahali pa kuonekana. Basi mpangaji ana haki ya kujua. Lakini sheria hiyo hiyo haimfungi mnunuzi kwa mkataba wa kodi uliofanywa baada ya rehani, ila ikiwa mwenye kushika rehani aliukubali kwa maandishi. Hapa ndipo wengi waangukapo, kwani hawakuuliza wala hawakuambiwa.

Ama katika fiqhi, wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wamelipambanua jambo hili kwa uadilifu. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa nyumba iliyokodishwa yafaa kuuzwa kwa mtu mwengine, na kule kukodishwa hakuvunjiki. Mnunuzi hungoja mpaka muda wa mpangaji uishe. Hiyo ndiyo hukumu ya aliyekodi kabla ya rehani. Ama aliyekwisha kuiweka nyumba rehani, haifai aikodishe kwa muda unaopita siku ya kulipa deni bila ya idhini ya anayemdai, kwa sababu anatoa kitu kilichofungwa na haki ya mwengine.

Basi jawabu ya ndugu yetu yategemea tarehe. Ikiwa alikodi kwanza, haki yake imesimama. Ikiwa rehani ndiyo iliyotangulia, hana nguvu ya kumzuia mnunuzi. Lakini kodi ya miezi asiyokaa ni deni katika shingo ya mwenye nyumba, na kule kuficha rehani ni ghushi iliyo wazi. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta ndani imerowa, akamkemea muuzaji kwa kuwa hakuidhihirisha. Mwenye kupangisha nyumba ya rehani na akanyamaza, amefanya lile lile.

Na mnunuzi je? Wako miongoni mwetu wanaofuata minada kutafuta nyumba za rahisi. Tunawakumbusha kuwa sheria, baada ya mabadiliko ya mwaka 2016, yataka hata aliyekaa katika ardhi ya mtu bila ya idhini apewe ilani ya maandishi ya miezi 3 kabla ya kutolewa. Lau huyo astahili muda, vipi yule aliyeingia kwa mlango na kodi mkononi? Mwislamu hanunui nyumba asubuhi akatupa godoro la mtu njiani jioni. Na ampe muhula, naye mpangaji alipe kodi ya haki kwa siku atakazokaa.

Wala mpangaji hana budi kujilaumu kidogo. Sisi watu wa pwani twapenda kupangishana kwa mdomo, na mtu akitaka maandishi huambiwa hana imani. Hilo ni kosa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Baqara tuandike madeni, nasi twaona haya kuandika mkataba wa nyumba! Kabla ya kutoa kodi ya miezi mingi, uliza kama nyumba ni rehani, itazamwe hati yake katika ofisi ya ardhi, na mkataba uwe na tarehe.

Na wewe mwenye nyumba unayesoma haya, ikiwa nyumba yako i katika rehani na ndani mna watu, waambie leo, kabla dalali hajawaambia. Huenda ukampoteza mpangaji, lakini utakuwa umesalimika na dhulma.

Wabillahi tawfiq.