Mwendo wa Nani?

Ndugu msomaji, nina swali moja ambalo ukilitazama juu juu utaliona la kitoto, lakini mimi limeninyima usingizi. Watu wakisafiri pamoja, waende kwa mwendo wa nani? Wa yule mwenye mbio kuliko wote? Wa walio wengi? Au wa yule wa mwisho, anayekuja nyuma akihema?

Tafadhali usiharakishe kunijibu kwa methali. Methali ninazijua, nawe unazijua, na tatizo lake ni kwamba zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Ukisema haraka haraka haina baraka, nitakujibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ukisema mwenda pole hajikwai, jamaa mwingine atakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga walikuwa watu wa hekima. Nadhani walituachia methali za pande zote mbili makusudi, ili kazi ya kufikiri tuifanye sisi wenyewe.

Basi tufikiri. Na kwa kuwa fikra isiyo na mfano ni baiskeli isiyo na mnyororo, unakanyaga tu na huendi, nitachukua mfano ninaoujua kwa miguu yangu: safari ya baiskeli kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, watu tisa, usiku mmoja njiani.

Sababu ya safari ilikuwa mpira. Tangu Namungo ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/2020, kwenda uwanja wa Majaliwa kule Ruangwa kumekuwa kama kwenda kuhiji kwa vijana wa huku kwetu. Gari lipo, bodaboda zipo, lakini washikaji walisema safari hii twende kwa baiskeli, tuondoke Ijumaa baada ya swala, tulale kijijini, asubuhi tuingie Ruangwa. Njia yenyewe ni kama kilomita 50 hivi. Kwa mtu mzima mwenye mapafu si kitu cha kutisha. Watatu walikuwa na baiskeli za gia, nyepesi, matairi membamba. Sisi wengine tulikuwa na Phoenix zetu za siku zote, zile ambazo jana zilibeba madumu ya maji na kesho zitabeba mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho.

Wa tisa alikuwa fundi cherehani, mtu wa makamo, ambaye sote tunamwita Fundi. Mimi nilikabidhiwa pampu, viraka na solusheni, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma, atakayepata pancha nimkute. Ndiyo maana niliyoyaona niliyaona vizuri. Mtu wa mbele huona barabara. Mtu wa nyuma huona watu.

Nilichokiona ni hiki. Kila baada ya kilomita kadhaa wenye gia walisimama chini ya mwembe, wakakaa, wakanywa maji, wakapiga soga. Wa katikati wakafika, nao wakakaa. Mwisho kabisa Fundi anatokea na mimi nyuma yake. Basi akishaegesha tu, mtu anapiga mikono: "Haya, tumekamilika, twende!" Wakapanda, wakaondoka. Ikawa hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne Fundi akasema, tena kwa upole:

"Jamani, nyie mnanisubiri mkiwa mmekaa. Nikifika mnasema twende. Sasa mimi napumzika lini?"

Ndugu msomaji, sijawahi kusikia swali la falsafa lililo zito kuliko hilo. Liangalie vizuri. Hakuna aliyemdhulumu Fundi. Hakuna aliyemwacha. Kila mtu angeweza kuapa mbele ya balozi wa nyumba kumi kwamba "tulimngoja". Na ni kweli walimngoja! Ila kungoja kwenyewe kulikuwa mapumziko ya wasiochoka, na aliyechoka kuliko wote ndiye pekee ambaye hakupata hata dakika tano. Sheria ilikuwa moja kwa wote, "tunaondoka tukikamilika", na sheria hiyohiyo moja ikazaa vitu viwili tofauti: kwa mmoja kivuli, kwa mwingine jua.

Kumbe basi usawa wa sheria si usawa wa watu. Hilo la kwanza.

La pili lilitokea tulipofungua mizigo. Kwa nini Fundi alikuwa wa mwisho? Umri? Labda kidogo. Lakini kwenye karia yake kulikuwa na sufuria kubwa, kilo kumi za mchele, na dumu la maji la lita kumi. Ilikuwaje? Ilikuwa hivi: baiskeli za gia hazina karia. Phoenix ya Fundi ina karia ya chuma, imara, ya kazi. Basi wakati wa kufunga mizigo kila kitu kizito kilitafuta karia imara, kama maji yanavyotafuta bonde. Hakuna aliyeamua kumtwisha, mzigo ulikwenda tu. Halafu njiani watu wakaanza kusema, "Fundi mzito bwana, Fundi hana mazoezi."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mara ngapi tunamwita mtu mzito, kumbe kizito ni alichobebeshwa? Mtoto anayechota maji kilomita tatu kabla ya kengele ya shule, tunamwita hana akili. Mama mwenye wagonjwa wawili ndani, tunamwita hana maendeleo. Kabla hujamwita mtu wa mwisho, tazama kwanza karia yake.

Najua kuna watakaosema: sawa, lakini mwenye mbio kosa lake nini? Mungu amempa miguu, kanunua baiskeli nzuri kwa jasho lake, sasa ajifunge mawe ili afanane na wengine? Hoja hii ina nguvu, siidharau. Tena jioni ile ilipata nguvu zaidi. Jua lilikuwa linazama, kijiji kiko mbele, na huku kwetu habari za tembo kuingia mashambani si hadithi za kulalia watoto. Mmoja wa wenye gia akasema wazi: "Tukienda hivi, sote tisa tutafika usiku, tutalala njaa, na wenyeji tutawaamsha. Bora wengine tutangulie." Wengine wakaguna. Fundi mwenyewe akasema, "Nendeni, mnanitia aibu." Maana hilo nalo lipo: kungojwa kunauma. Mtu anayengojwa anajiona mdaiwa wa watu wanane.

Sasa hapo haki iko wapi? Wanafalsafa wa nje nao wamehangaika na jambo hili. Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya haki, alitoa wazo kwamba kanuni za kuishi pamoja zipangwe kana kwamba kila mmoja hajui atakuwa nani: tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Kwa lugha ya barabarani: panga sheria za msafara kabla hujajua ni tairi la nani litakaloingia mwiba. Ukipanga hivyo hutasema "wa mwisho ajijue", kwa sababu wa mwisho anaweza kuwa wewe. Naikubali hoja hiyo, lakini hainitoshi. Inanifundisha kujihurumia mimi nikiwa katika nafasi ya Fundi. Haijanifundisha bado kumwangalia Fundi.

Kuna jibu jingine ambalo watu hulipenda, na nadhani msomaji unalisubiri: kwamba baadaye huyo wa mwisho ndiye aliyekuja kutuokoa, akatutengenezea baiskeli, akatushonea tairi kwa sindano yake, na wenye mbio wakaona haya. La hasha. Fundi hakumwokoa mtu. Alifika, akala, akalala. Na ndiyo maana swali linabaki kuwa swali. Tukimngoja mtu kwa sababu huenda atatufaa, hiyo ni biashara tu, hata kama ni nzuri. Mimi naulizia yule ambaye hatatufaa.

Ardhi hii ya Nachingwea inazo kumbukumbu za kutosha juu ya mwendo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta hapa, na Kongwa na Urambo, mpango wa karanga. Walitaka kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Njaa ya mafuta ya kula ilikuwa kwao Uingereza, na haraka ilikuwa yao. Matrekta yalikuja kabla ya kujua udongo na mvua, reli ikajengwa kutoka pwani kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa paundi zipatazo milioni 36, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walitangulia sana, ardhi wakaiacha nyuma.

Lakini hapahapa Nachingwea palikuwa na kambi ya FRELIMO, na wapiganaji waliofunzwa hapa walivuka Ruvuma kwenda kupigania nchi yao, hadi uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975. Silaha na risasi zilivushwa kwa vichwa na mabega ya watu, wengi wao wanawake. Msafara wa namna ile hauwezi kwenda kwa mwendo wa mwenye bunduki. Mwenye bunduki akimwacha mwenye risasi nyuma, amewahi kufika ili afanye nini? Kama sisi tu: wenye gia wangefika kijijini saa moja kabla, halafu wangepika nini wakati sufuria iko kwa Fundi?

Hata viongozi wetu walijaribiwa na swali hili. Mwalimu Nyerere alipenda kusema kwamba inatupasa kukimbia wakati wengine wanatembea. Ni maneno ya mtu aliyeuona umaskini akaukasirikia. Lakini mwaka 1973 mbio hizo ziligeuka amri, kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini, na mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu. Na ni mtu huyohuyo ambaye mwaka 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Sisemi hivi kumhukumu. Nasema ndani ya mtu mmoja mwema kunaweza kukaa mwendo wa aina mbili, na wenye kuongozwa huujua upesi upi ni upi.

Na leo? Muulize mkulima wa korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani unamtaka apeleke korosho ghalani, asubiri mnada, asubiri malipo. Mwenye akiba anasubiri, anapata bei nzuri. Asiye na akiba, mtoto anaumwa leo, anauza kangomba kwa bei ya kutupa. Wote wawili waliambiwa "subiri". Kumbe kusubiri nako kuna bei, na asiye nacho ndiye anayetozwa zaidi. Ni mwembe uleule wa njiani: mmoja amekaa kivulini, mwingine yuko juani.

Narudi kwenye jioni yetu, maana palipatikana uamuzi. Wawili wenye gia walitangulizwa. Lakini kabla hawajaondoka sufuria na mchele vilihamishwa vikafungwa migongoni mwao kwa khanga na kamba za mpira. Wakaenda kuonana na mwenyekiti wa kijiji, wakawasha moto, wakabandika maji. Sisi saba tukaja, Fundi akawekwa mbele, atuongoze kwa mwendo wake. Tulipofika kulikuwa na wali na ming'oko ya kuchemsha tuliyopewa na bibi mmoja wa pale, na hakuna aliyemuuliza mwenzake nani kafika wa ngapi.

Kwa hiyo jibu langu, ndugu msomaji, ni hili, nawe ulipinge ukiweza. Mwenye mbio asikatazwe mbio. Ila mbio zake ni deni. Akitangulia kwa ajili ya walio nyuma, akabeba kizito chao, akawasha moto, huyo hajawaacha hata akiwa kilomita kumi mbele. Akitangulia kwa ajili ya kutangulia, huyo kawatoroka, hata kama atakaa chini ya mwembe akiwangoja. Naye wa mwisho ana wajibu wake: aseme mapema kwamba amechoka, asione haya, na asijifanye mchovu ili abebewe. Mvivu na mchovu hawafanani. Anayekaa nyuma huwatambua. Na mapumziko yaanze pale wa mwisho anapofika, siyo pale wa kwanza anapokaa.

Inawezekana hayo ni makubwa mno kwa safari ya mpira. Lakini sisi vijana tunaambiwa kila siku kwamba taifa linasonga mbele, na mimi sina ugomvi na kusonga. Ninachoomba ni kwamba kila tukisikia "tumekamilika, twende", mtu mmoja kati yetu ageuke nyuma na kuuliza: aliyefika sasa hivi amepumzika lini?