Mali Isiyohamishika ya Mfukoni

Kuacha simu ya Android na kuchukua iPhone, au kufanya kinyume chake, ni kutoka katika mfumo endeshi mmoja na kuingia mwingine. Mifumo hiyo miwili iliingia sokoni mmoja baada ya mwingine, iPhone mwaka 2007 na Android mwaka 2008, na leo karibu simu janja zote duniani zinaitumia. Uhamaji huo unaibua swali la kifalsafa lililo kongwe kuliko simu: kitu ambacho mtu hawezi kuondoka nacho ni chake kwa maana gani?

Vitu vingi huhama bila taabu. Majina, picha na kalenda hufuata akaunti, na tangu 2015 ipo programu ya Apple, Move to iOS, inayovivuta kutoka Android. Pesa nazo hazina shida. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, imefungwa kwenye laini wala haijali aina ya simu. Laini ikitolewa kwenye kitochi ikatiwa kwenye iPhone, salio halipungui hata shilingi. Programu za kulipia ndizo hukwama. Mchezo uliolipiwa Google Play hulipiwa upya App Store, kwa sababu kisheria mteja alipewa leseni ya kuutumia tu. Hali yake ni ya mpangaji aliyepaka nyumba rangi kwa fedha zake: siku ya kuhama, rangi hubaki ukutani.

Mazungumzo ni jambo zito zaidi. Hadi mwaka 2021 WhatsApp haikuwa na njia rasmi ya kuhamisha historia ya meseji kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Nakala ya akiba ya Android ilikaa Google, ya iPhone ikakaa iCloud, na hakuna upande ulioweza kufungua nakala ya mwenzake. Aliyehama alibaki na namba ileile, watu walewale na ukurasa mtupu. Aliweza kuyatoa mazungumzo mojamoja kama faili la maandishi. Faili hilo lilisomeka, lakini mazungumzo hayakuweza kuendelezwa pale yalipoishia. Ujumbe wa sauti wa mzazi aliyefariki haukurudi mahali pake ndani ya mazungumzo kwenye simu mpya. Mwaka 2021 ilifunguliwa njia ya kutoka iPhone kwenda simu za Samsung, na mwaka 2022 ya kutoka Android kwenda iPhone, kwa sharti kwamba iPhone iwe mpya au iliyofutwa kila kitu.

Kwa mwanafalsafa John Locke, hasara hiyo ya mazungumzo ingegusa nafsi yenyewe. Katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, alidai kwamba mtu ni yuleyule kadiri fahamu zake zinavyoyafikia matendo yake ya zamani. Mwaka 1998 wanafalsafa Andy Clark na David Chalmers walikwenda mbali zaidi: walimbuni Otto, mgonjwa wa Alzheimer anayeandika kila kitu daftarini, wakahoji kwamba daftari hilo ni sehemu ya akili yake. Hata hivyo, daftari la Otto ni karatasi. Linaingia katika mkoba wowote, na duka lililoliuza halina neno juu ya mahali linapofunguliwa. Kama hoja yao ni sahihi, anayezuia historia ya meseji kuhama anazuia kumbukumbu ya mtu.

Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliuweka utu wa mtu ndani ya jamii yake. Kwa mtazamo huo, meseji za kale si kitu kikubwa mradi watu wenyewe bado wanapatikana. Afrika Mashariki wanapatikana, kwa kuwa WhatsApp iko pande zote mbili. Marekani jamii yenyewe ndiyo huwa kufuli: anayeiacha iPhone huiacha iMessage, huduma ya meseji ya Apple, na meseji ambazo wenye iPhone humtumia huonekana kwenye simu zao kwa rangi ya kijani. Machi 2024 serikali ya nchi hiyo iliishtaki Apple kwa kuhodhi soko, na jambo hilo likawa miongoni mwa malalamiko. Apple imekana mashtaka.

Sheria imeanza kulijibu swali hili. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, na kifungu cha 38 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, humpa mtu haki ya kupokea data zake katika muundo unaosomeka na mashine na kuzipeleka kwingine. Haki hiyo ni ya nakala. Haiulazimishi mfumo mpya kuyaendeleza mazungumzo pale yalipoishia, na bila hilo umiliki wa kumbukumbu bado ni nusu.